Hondohondo Aliyetafuta Dawa ya Wasiwasi

Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
Ije na nini?
— Ije na utamu!
Utamu leo sina, wajukuu. Nimebakiwa na chumvi tu. Ije?
— Ije hivyo hivyo!

Basi sogezeni kuni, na wewe unayekohoa, geukia kule. Hapo kale, ndege walipokuwa bado wanasema, aliondokea Hondohondo na mkewe Mwanakheri. Walikaa kwenye mninga wenye shimo, karibu na bwawa, mizizi yake imeingia majini.

Desturi ya mahondohondo ni hii. Mke akitaka kutaga, huingia shimoni, na mume huziba mlango kwa udongo, akaacha ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo ndani mke hunyonyoka manyoya ya mabawa. Kuruka hawezi. Kula yake yote ni kwa mkono wa mume, kupitia ule ufa. Mume akichelewa, ni njaa. Mume asiporudi, ni mauti.

Mwanakheri akaingia. Hondohondo akaziba. Alipomaliza tu kulainisha udongo, wasiwasi ukamwingia. Je, nyoka akija? Je, mwewe akinidaka mimi, nani atamlisha huyu? Akala asishibe, akalala asipate usingizi. Akileta makuyu, yanamdondoka njiani kwa jinsi mdomo unavyomtetemeka.

Mwanakheri akamwuliza kupitia ufa, "Mume wangu, una nini?"

"Sina kitu."

"Moyo wako nausikia mpaka huku ndani. Niambie."

Hakumwambia. Alijisemea, mwenzangu yumo gizani, nimtwishe na yangu? Aliona ni huruma. Ole wake, mengine yote yalizaliwa na hapo.

Akaenda kwa Kobe, maana Kobe hajapata kuonekana akihangaika. Kobe akamfundisha kupumua. Vuta polepole, shika, achia polepole. Akamwambia na hili, kwamba dawa hiyo haichagui mahali, mtu huifanya popote alipo. Hilo Hondohondo hakulisikia. Alikuwa ameshaanza kuvuta.

Akauliza, "Moyo wangu, umetulia?"

Moyo ukamjibu, "Kidogo. Bado."

Akarudi mningani. Mwanakheri, akisikia kucha zake kwenye gome, akaimba:

Hondo, Hondo, umeleta nini?
Niko ndani, mlango ni wewe.

Hakuleta kitu, alileta habari za pumzi. Mwanakheri hakukasirika. Alisema, "Basi pumulia hapa ufani. Wewe nje, mimi ndani, tuvute pamoja. Hata mimi naogopa humu."

Hondohondo akasema hapana, ngoja kwanza aijaribu vizuri penye utulivu, akishapona atakuja kumfundisha. Akamletea makuyu mawili matatu, akaruka. Yale maneno, hata mimi naogopa, yalimpita kama upepo.

Lakini kila akirudi mningani wasiwasi ulimrudia, akaona dawa ya Kobe ni ndogo. Akaenda kwa Popo. Popo akamcheka, akasema pumzi ni dawa ya watoto, jitundike miguu juu kichwa chini, mawazo yatamwagika yenyewe. Hondohondo, na mdomo ule mzito, akajitundika mpaka macho yakamtoka. Msicheke, yalimwagika kweli, ila machache.

"Moyo wangu, umetulia?"

"Kidogo zaidi. Bado."

Akarudi jua limeinama.

Hondo, Hondo, umeleta nini?
Niko ndani, mlango ni wewe.

Sauti ilikuwa imekonda. Alileta panzi mmoja. Mwanakheri akamla, kisha akasema, "Njaa naivumilia. Kukaa nisikusikie ndiko kunakonishinda. Usiende tena."

Alikaribia kubaki, wajukuu. Alikaza kucha kwenye gome. Lakini akausikia wasiwasi unapanda, akaona haya mkewe amwone anatetemeka. Akasema, "Hii ni ya mwisho. Nikirudi nitakuwa mume mzima."

Akaenda kwa Kiboko, pale pale bwawani. Kiboko akamwambia zama mpaka masikioni, bakiza pua. Masikio yakiwa majini, dunia haina la kukuambia. Hondohondo akashuka ukingoni, akajizamisha. Na kweli, kimya. Mwewe hayupo, nyoka hayupo. Alisikia kitu kimoja tu: ko, ko, ko.

"Moyo wangu, umetulia?"

Ko, ko, ko. Taratibu. Kisha taratibu zaidi. Akafurahi sana. Akasema huo ndio moyo wangu, sikilizeni unavyopiga kwa utulivu. Akausikiliza mpaka ukanyamaza kabisa, akasinzia humo humo.

Alipotoka majini alikuwa mwepesi, mdomo hautetemeki. Akachuma makuyu mazuri, mekundu, hakuna hata moja lililodondoka. Akafika mningani, akatua, akangoja aimbiwe. Hakuimbiwa. Akaimba mwenyewe, "Mwanakheri, Mwanakheri, nimeleta." Kimya.

Ndipo akatazama chini. Udongo wa mlango ulikuwa umelala vipande vipande, umedonolewa kutoka ndani. Akaelewa ile ko, ko, ko ilikuwa ya nani.

Mayai yalikuwa ya baridi. Chini kwenye majani palikuwa na nyayo za ndege asiyeweza kuruka, zimejikokota kuelekea kichakani, na kichaka kimejifunga nyuma yake. Akatafuta, akaita mpaka sauti ikampasuka. Yu hai au amekufa, hakuna aliyemwambia, nami sitawadanganya.

Akarudi shimoni. Akayapanga makuyu ndani, moja moja, pale ulipokuwa ufa. Kisha akakaa akapumua alivyofundishwa na Kobe. Vuta, shika, achia. Ikafaa, pale pale mlangoni pake. Ila wa kuvuta naye hakuwepo.

Tangu siku ile Hondohondo haruki kimya. Mkimsikia anapita juu, mabawa yanavuma huu, huu, huu, mithili ya mtu apumuaye kwa nguvu, msishangae. Anataka asikike kutoka mbali, kwamba anakuja.

Dawa za wasiwasi zipo, wala sizitukani. Kobe hakusema uongo. Lakini hofu yako mwambie aliye mlangoni pako, na yake uiulize, kabla hujaenda kuzamisha masikio.

Mimi nimeikuta njiani, nimeiokota, naiacha hapa jikoni. Anayelia kwa moshi, asogee. Anayelia kwa jingine, anyanyuke akabishe hodi kwa mtu wake. Na hayo maharagwe, nani aliyekuwa anayaangalia? Yameungua.