Dungu la Jirani

Wanangu, palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye kishamba cha mtama. Mtama huo ndio uji wa watoto wake; kingine hakuwa nacho. Ulipoiva, ndege wa kwelea kwelea wakashuka kama wingu.

Vijiji pale vilikuwa vitatu, mashamba yamegusana, na kila kijiji kina kamati yake ya kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, na zamu yake. Watu wema, msidhani vingine! Basi mama akipanda dungu lake, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, akapiga debe, ndege wote huruka, fuuu, wakatua kwa babu wa kijiji cha pili. Moyo wake ukatulia.

"Wewe mama!" babu akapaza sauti. "Chunga ndege wako!"

"Wangu? Nimewatotoa mimi? Iambie kamati yenu!"

"Kamati yetu zamu yake alasiri!"

"Basi ingoje alasiri, babu yangu!" Akacheka.

Hebu niambieni, hao ndege walilala njaa lini?

Siku moja kule kwa babu kukawa kimya. Mama akipiga debe, ndege wanazunguka tu, wanarudi kwake. Akashuka, akavuka mpaka kwenda kugomba. Akakuta mabua matupu, na babu kaketi juu ya dungu lake. Mama akapanda, akageuka kutazama kwake. Lo! Shamba lake lote lilikuwa jeusi kwa ndege. Akamgeukia mzee.

"Babu, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea."

"Nami nilikuwa nakurudishia, mwanangu." Mzee akainuka, akashika kiuno. "Mtama wangu umekwisha. Lakini debe langu halijatoboka. Twende."

Aliyepoteza yote ndiye aliyetangulia! Wakaviita vijiji vyote, wakapanga safu moja, wakapiga kwa pamoja, wakawasukuma ndege hadi nyikani. Mwaka ule uji ulipikika kwa mama, na bakuli la babu lilijazwa kwanza.

Hata wakubwa wa dunia ndivyo walivyo, wanangu. Maradhi yana baraza lake, bahari ina lake, njaa ina lake. Kila baraza linapiga debe lake, na shida inaruka tu mpaka. Lakini wao hawanisikii. Ninyi mnanisikia. Hapa kanisani petu pia kila kundi lina debe lake: kwaya, akina mama, wazee wa kanisa. Sisi tunaamia shamba la nani?

Ukishusha pumzi kwamba shida imekuondokea, usiketi. Panda dungu la jirani, utazame imetua wapi.