Mabakuli Matatu ya Bi Mize

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kaburi lake nalijua, alikuwako mjane akiitwa Bi Mize. Majirani zake walikuwa watatu. Shaame alikuwa mlaji: chungu chake hakikauki, mlango wake haufungwi. Bi Time alikuwa mwekaji: mitungi ya mchele imejaa hadi uvunguni. Faki alikuwa mchuuzi: ananunua kwa haki, anauza kwa haki, na zaka anatoa.

Mwaka huo mvua ilikataa. Shaame akampelekea Bi Mize bakuli la wali. Bi Time akampelekea bakuli. Faki naye akampelekea bakuli. Na mwajua wenyewe, bakuli la jirani halirudi tupu. Sasa Bi Mize angetia nini? Akayaosha, akayafunika kawa, akangoja apate japo kipande cha muhogo cha kurudishia.

Nao wakangoja. Shaame akasema, "Bakuli langu likirudi, nitampelekea tena." Bi Time akasema vivyo hivyo. Faki akasema vivyo hivyo. Loo! Watu wazima na akili zao, wanangoja bakuli!

Bi Mize akafa kwa njaa.

Watu walipojaa uani, imamu akauliza kama ilivyo ada, "Kuna anayemdai marehemu?" Mara Bi Mkasi, muosha maiti, akatoka ndani na mabakuli matatu yaliyotakata. "Anadaiwa haya," akasema.

Jamani, walilia!

Shaame akasema, "Sanda natoa mimi. Kila aliyeingia kwangu alishiba. Sikujua kuwa mwenye haya haingii."

Bi Time akasema, "Mwanangu, niachie mimi. Mtungi mmoja niliuweka kwa ajili yake, njaa ikizidi niufungue. Mpaka leo sijaufungua."

Faki akasema, "Natoa mimi. Bei sikupandisha, na zaka niliwapa wote walionyoosha mkono. Yeye hakunyoosha wake, nami sikuutafuta."

Zikaletwa sanda tatu, na maiti ni mmoja. Mtu mmoja akasema, basi changieni, kila mmoja atoe kipande. Bi Mkasi akamgeukia: "Hawakushirikiana kumlisha wali, leo washirikiane kumfunika? Nitamvisha moja tu. Semeni ipi."

Jua likazidi kupanda, na Bi Mize yuko kitandani anangoja, kama alivyozoea.

Haya, nanyi mmesikia. Mimi naliwaza jambo hili mpaka leo, na moyo wauma. Je, nani alistahili kumvika sanda Bi Mize?