Vitofali vya Nyamburi

Uvumi ule ulimganda Mbuke kama kupe kwenye sikio la ng'ombe: ati lori la kuwapeleka watoto kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Musoma litapita kijijini kwao Mwitongo Jumatano, wala si Jumamosi kama mwalimu alivyotangaza. Jirani yake Ursula ndiye aliyemwambia, kisimani.

Binti yake Nyamburi, wa darasa la sita, hakuwa amewahi kuuona mji. Mwalimu Kasmiri alimpa kazi ya kujenga mfano wa zahanati ya kijiji cha ujamaa. Asiyemaliza kazi yake haendi. Jumapili mtoto alitwanga magazeti makuukuu yaliyolowekwa, yakawa rojo, akatia uji wa muhogo, akafyatua vitofali sitini kwa kiberiti kitupu. Akavianika juu ya jiwe.

"Siku tano, mama. Ijumaa najenga. Usiviguse!"

"Mimi nina kazi gani navyo?" Mbuke alijibu.

Jumatatu, Nyamburi akiwa shuleni, mama alivibonyeza. Vibichi! Na lori ni keshokutwa! Akakumbuka udaga: muhogo ukirundikwa na kufunikwa hupata joto, na ukianikwa baadaye hukauka upesi. Basi akavirundika vitofali vyote jikoni, akavifunika kwa majani ya mgomba na gunia.

"Viko wapi?" mtoto aliuliza jioni.

"Nimeviweka ndani, mbuzi wa mzee Wanzagi wasivile. Wewe kula."

Jumatano ikafika, lori halikupita. Mbuke akafunua gunia. Lo! Vitofali vilikuwa vimeota ukungu mweusi wenye manyoya kama kidevu cha beberu, vikammumunyukia mkononi.

"Mama, umevifanya nini?"

"Nilivivundika, mwanangu. Bibi yako alifanyaga hivyo, siku mbili tu…"

"Karatasi si muhogo, mama!" Nyamburi alilia mpaka kwikwi ikamshika. Kisha, akimtazama mama yake aliyejiinamia, akajifuta pua. "Sasa tutasonga ugali wa gazeti?"

Ursula alipoulizwa, alisema, "Na mimi niliambiwa tu gulioni, mwenzangu."

Mama na mtoto wakafyatua vingine pamoja mpaka giza likaingia. Jumamosi asubuhi lori lilikuja, kama mwalimu alivyosema. Vitofali vipya vilikuwa bado vinatoa maji. Wenzake wakapanda wakiimba, vumbi likatimka, Nyamburi akabaki akipunga mkono huku mama amemfunika bega kwa kanga yake.

"Mwaka kesho nitaenda," alisema Nyamburi. "Ila vitofali vitalala shuleni."

Basi mama mwenzangu, mtoto wako akifyatua vitofali vya karatasi, usivirundike vibichi. Usivifunike. Usivibonyezebonyeze. Usimfiche mtoto ulichokifanya. Usifuate habari za kisimani kabla hujamuuliza mwalimu.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.