Kilemba cha Fundi Kondo

Hapo zamani, ninyi mnaosikia vizuri na ninyi mnaosikia nusunusu, sogeeni wote, palikuwa na mji wa wahunzi, na katika mji ule hapakuwa na mhunzi wa kumfikia Fundi Kondo. Jembe la Kondo babu alilima nalo, mjukuu akalirithi. Lakini nyundo nayo hudai ujira wake. Miaka nenda miaka rudi Kondo alikipiga chuma, na kishindo cha chuma kikamla masikio kidogo kidogo. La kushoto likafa kabisa. La kulia likabaki linajikongoja.

Kondo hakumwambia mtu. Aliona haya. Fundi mzima, mikono ya kupinda chuma, aseme hasikii? Akajitafutia dawa yake mwenyewe, neno moja tu: inshallah. Mtu akija, midomo ikicheza, Kondo humwacha amalize, hutikisa kichwa, husema, "Inshallah." Ukimwambia mvua itanyesha, inshallah. Ukimwomba akuazime koleo, inshallah. Ukimwambia mbuzi wako amekufa, inshallah! Watu wakasema fundi huyu amezidi kwa ucha Mungu.

Na pale inshallah isipotosha, mkewe Bi Mwamvua alimalizia.

"Baba Siwema anasema jembe lako tayari Ijumaa." Baba Siwema hakusema kitu.

"Baba Siwema hapendi pilipili." Naye pilipili aliipenda sana, maskini, lakini nani alimwuliza?

Basi binti yao wa pekee, Siwema, akaja kuposwa na seremala mmoja kijana, jina lake Chande. Wazee wa Chande wakaketi ukumbini, wakala, wakanywa kahawa, wakapanga harusi. Mwisho mmoja wao akasema kwa upole, ameinamia kikombe chake:

"Fundi, wewe si mtu wa maneno mengi, tusikutaabishe. Siku ya nikahi mdogo wako Pazi akae mahali pako, aozeshe yeye kwa niaba yako. Wasemaje?"

Kondo akatikisa kichwa. "Inshallah."

Nyuma ya pazia Bi Mwamvua alisikia kila neno. Alifungua mdomo, akaufunga. Alijiambia, heri hivi kuliko mume wangu aaibike mbele za watu.

Kondo alikuja kujua siku alipomkuta Pazi uani akijipima joho.

"La nini hilo?"

Pazi alikuwa mtu wa kupaza sauti, hata kuku walimkimbia. "La kumwozesha Siwema, kaka! Si mwenyewe ulikubali mbele ya wazee?"

Kondo aliketi chini palepale. Tangu Siwema azaliwe alikuwa akiingojea siku moja: amshike mkwewe mkono, aseme kwa mdomo wake, nimekuoza binti yangu. Na siku hiyo ameigawa mwenyewe kwa neno moja, bila kujua. Siwema alimkuta kiwandani, moto umezimika, mvukuto umelala, baba analia. Kondo akamweleza yote.

Siwema hakumwomba mtu ruhusa, hata baba yake. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa wazee.

"Shikamooni, wazee wangu. Baba yangu hasikii. Alikubali neno asilolisikia. Haniozeshi mtu ila yeye, na kama hamtaki, Chande akatafute mke kwingine."

Siri ya miaka yote ikaanikwa juani. Kondo alimkasirikia binti yake siku nzima, na siku ile ile akajihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wazee nao wakasema, "Vyema, aozeshe mwenyewe. Lakini anayeozesha lazima amsikie bwana harusi akikubali. Asipomsikia, Pazi atakuwa pembeni yake, atashika mkono badala yake." Majirani wakacheka: sikio la kufa halisikii dawa. Methali nzuri, ila siku hiyo waliipeleka nyumba isiyo yake.

Wakampeleka kwa tabibu, Bi Hidaya, wote kwa pamoja, mke, binti na mdogo mtu.

"Yanamuuma?" akauliza Bi Hidaya.

"Hayamuumi," akajibu Bi Mwamvua.

"Usiku yanavuma?"

"Hayavumi," akajibu tena. Yalikuwa yanavuma kama mzinga wa nyuki, na Bi Mwamvua hakuwa na habari.

"Hasikii kabisa!" akapiga kelele Pazi.

Bi Hidaya akaweka kidole mdomoni, wakanyamaza wote. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya Kondo, goti kwa goti, uso wake kwenye mwanga wa mlango. Akasema polepole, "Fundi, wewe mwenyewe unataka nini?"

Kondo hakukumbuka ni lini aliulizwa hivyo.

"Nataka kumwozesha mwanangu kwa mdomo wangu."

Bi Hidaya akayachungulia masikio yake, akagonga kikombe kwa kijiko huku na huku, akasikiliza majibu. Kisha akasema, "Kilicholiwa na nyundo sina dawa ya kukirudisha, na atakayekwambia anayo anakudanganya. Lakini sikio la kulia lingali na kazi, na macho yako mazima. Hapa anayeumwa si wewe peke yako, Fundi, ni nyumba nzima." Akawageukia wale wengine. "Mkisema naye, mtazameni. Kwenye mwanga. Mmoja mmoja. Bila makelele, Pazi. Na swali lake mwacheni alijibu mwenyewe." Akamrudia Kondo. "Nawe uiache hiyo inshallah yako. Usiposikia, sema sikusikia."

Hilo la mwisho lilikuwa chungu kuliko shubiri.

Nyumbani, Bi Mwamvua alihamisha mkeka wa chakula hadi karibu na mlango. Akapiga marufuku maneno ya mgongoni na maneno ya kutoka jikoni. Akamwita hata bwana harusi, akamfundisha kuinua uso anaposema. Lakini kazi kubwa ilikuwa ulimi wake. Mteja akija kuuliza jembe, humtazama Bi Mwamvua kama alivyozoea. Yeye huinama, huuma mdomo, kimya kinarefuka mpaka anataka kupiga yowe. Na Kondo anajibu mwenyewe.

Siku moja Kondo akauliza, "Mama Siwema, kwa nini mboga zetu hazina pilipili?"

"Si huipendi!"

"Nani kasema?"

Bi Mwamvua akakumbuka nani kasema. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Siku ya nikahi ikafika. Alasiri, watu tele, ubani unafuka. Kondo ameketi mahali pake, Pazi pembeni ndani ya joho lake, tayari. Kondo akamshika Chande mkono, akasema kwa sauti isiyotetemeka, "Chande, nimekuoza binti yangu Siwema, kwa mahari tuliyopatana."

Chande, loo, haya zikamshika. Mafunzo yote yakamtoka. Akainamisha uso, midomo ikacheza ndani ya kola ya kanzu. Watu wakaanza kusema mashallah. Pazi akamtazama kaka yake, mkono ukaanza kunyooka.

Inshallah ikamjia Kondo ulimini, tamu na nyepesi. Angetikisa kichwa tu, nani angejua? Akaimeza.

"Sikusikia," akasema, na kwa sauti ya mhunzi, wa mwisho mlangoni akamsikia. "Mwanangu, inua uso. Nitazame. Rudia."

Chande akainua uso.

"Nimekubali kumwoa Siwema."

Nusu Kondo aliipokea kwa sikio, nusu kwa macho, ikawa nzima. Akaubana mkono wa mkwewe mpaka kijana akakunja uso. Na vigelegele vilivyofuata, nakwambieni, hata sikio la kushoto lilivisikia.

Sasa, desturi ya mji ule, anayeozesha hupewa kilemba. Kondo akapewa chake, kitambaa cheupe chenye ukingo wa hariri. Hakukivaa. Aliwaita watu wake, na Bi Hidaya pamoja nao, akakiweka mapajani.

"Nitamvika aliyenifikisha pale nilipokaa leo. Ni kimoja, wala hakikatwi. Na sitaki kumvika mtu kilemba cha ukoka. Semeni, mmoja mmoja, mkinitazama."

Siwema akaanza. "Baba, ni mimi. Niliiweka ndoa yangu rehani kwa ajili yako. Ningenyamaza, leo angeketi ba'mdogo."

"Na siri ya baba yako uliimwaga bila kumwuliza," akasema Pazi.

Bi Hidaya akasema, "Mimi ndiye niliyemwuliza anachotaka. Bila swali lile, mngekuwa bado mnamjibia."

"Lakini hukumponya," akasema Siwema. "Ulituachia kazi sisi."

Bi Mwamvua akasogea mpaka mwanga ukamwangukia usoni. "Ninyi mlisema. Kusema ni rahisi. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa ulimi wake miaka yote hii, nikamrudishia."

Kondo akamtazama. "Na siku ya posa, nyuma ya pazia, hukunyamaza pia?"

"Nilinyamaza, Baba Siwema. Nilinyamaza vibaya siku ile, ndipo nikajifunza kunyamaza vizuri."

Pazi akavua joho lake, akalikunja. "Mnagombea bure. Neno sikusikia alilisema nani? Kaka akivae mwenyewe!"

Kondo akakitazama kilemba, akawatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine. Hadi leo kimo mapajani mwake.

Haya basi, wenzangu. Binti aliyesema bila ruhusa, tabibu aliyeuliza asiponye, mke aliyejifunza kunyamaza, au mwenyewe aliyelimeza neno lake tamu? Je, nani alistahili? Mwenye jibu asijibu akiwa huko nyuma. Aje hapa mbele penye mwanga, anitazame usoni, aseme. Nisiposikia, nitamwambia.