Ratili Saba za Ngwali

Ijumaa, tarehe 13 Machi 1953, Ngwali Shauri Makame alifika Wete akifuatana na shekhe wa mtaa, kumposa Raya, binti wa tajiri wake wa karafuu, Bwana Haroub. Bwana Haroub alimpandisha Ngwali kwenye mizani ya magunia, kisha akalitazama jedwali la kimo na uzito alilolipata zahanati.

"Kwa kimo hiki umepungukiwa na ratili saba, kijana. Siozeshi binti yangu kwa mgonjwa."

"Lakini Bwana, asubuhi hii nimekupakilia magunia sitini bila hata kukohoa."

"Jedwali halikutaja magunia."

"Je, ratili hizo zikitimia, utauliza zimetoka wapi?"

"Niulize ya nini? Mizani ikikubali, wewe ni mzima, na nitakuozesha papo hapo. Shekhe ni shahidi."

Ijumaa iliyofuata Ngwali alirudi amevaa kanzu pana, akitembea taratibu kama mja mzito. Mizani ikakubali.

"Unaona?" akasema Bwana Haroub. "Hata uso umenawiri."

Shekhe akafungisha ndoa. Mara tumbo la bwana harusi likawika.

Ngwali akapenyeza mkono kanzuni, akamtoa jogoo mkubwa wa Bwana Haroub. "Pokea afya yangu, baba mkwe. Ilikuwa yako tangu awali."

Shekhe alicheka hata kilemba kikamwanguka.

Wako wanaosimulia kwamba Ngwali alimwiba jogoo yule. Hilo si kweli. Alikabidhiwa kwenye mlango wa uani na Raya mwenyewe, ambaye alikuwa amekwisha kumpima: ratili saba kamili.