Kichwa Kilichoziba Mlango wa Malkia Somoe

Nyie mnaopiga vichuguu mateke mkienda kisimani, kaeni chini. Kisa hiki hata waliosoma mpaka wakavaa miwani hawakijui. Mkiinuka hapa, miguu yenu itakuwa na adabu.

Hapo kale kichuguu kilikuwa na mlango, tena wazi mchana kutwa. Na malkia wa mchwa hakuwa hilo tumbo mnalolijua. Somoe alikuwa na kiuno, kiuno cha haja, na jioni alitoka kupunga upepo kwa miguu yake mwenyewe. Mlangoni alisimama askari mmoja, Chande, kichwa kikubwa kuliko mwili wote uliobaki.

"Kichwa hicho ukilala unakiweka wapi?" Somoe alimtania.

"Hapahapa mlangoni, Bi Mkubwa. Kinakuota wewe."

Mambo yakaanzia hapo. Sheria ilitaka malkia aolewe na mwenye mabawa, na Chande hakuwa na bawa hata la dawa. Wakapendana kwa siri. Kila Somoe alipoingia ndani, Chande aligonga ukuta kwa kichwa mara mbili, yaani nipo. Wajakazi walidhani ni matone ya mvua. Somoe aliwaacha wadhani.

Siku moja siafu wakaja. Si mia, si elfu. Ardhi yenyewe ilikuwa inatembea. Mafundi wakakimbilia udongo, lakini kuziba mlango kunataka muda, na muda haukuwepo. Chande akajipachika mlangoni, uso nje, mgongo ndani. Kichwa kikajaa, usipite hata upepo.

Fundi mkuu alimwendea Somoe, hamtazami usoni. "Bi Mkubwa, tukiziba, tunamzibia humo humo. Tukimtoa, wanaingia."

Somoe akasogea nyuma ya mgongo ule. "Chande, toka. Tutakimbia."

"Na mayai yote haya tuyakimbize wapi? Kichwa hiki umekicheka siku zote, leo kimepata mlango wa saizi yake. Ziba, mpenzi. Nikiwa hai nitagonga."

Kila mtu alilisikia lile neno mpenzi. Somoe akabeba tonge la kwanza la udongo mwenyewe, akalibandika.

Siafu walimng'ata paji, wakamvuta taya, hakung'oka. Ngo, ngo. Mafundi wakajenga kwa mdundo huo, tonge juu ya tonge, mpaka ukuta ukakauka ukawa jiwe. Jemadari wa siafu akaondoka na njaa yake, taya moja pungufu.

Kisha ukuta ukanyamaza. Somoe akagonga mara mbili. Kimya. Akagonga tena. Ndipo askari wote nyuma yake wakaanza kugonga kuta kwa vichwa vyao, kichuguu kizima kikanguruma, na siafu huko mbali wakaongeza mwendo.

Somoe alikataa kila mwenye mabawa. Akaingia chumba cha ndani kabisa, akaanza kuzaa askari, na hajatoka mpaka leo. Kiuno kikaenda zake. Mnauliza baba yao nani? Katazameni vichwa.

Tangu hapo kichuguu hakina mlango, na askari wa mchwa akisikia adui hapigi kelele, anagonga. Kama mnabisha, nendeni mkabishe hodi kwenye kile kilichoko njia ya kisimani, kwa kidole, si kwa teke, kisha mtege sikio. Mtajibiwa.