Damu ya Pili

Baba Pacha alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa maneno machache na miguu myepesi, aliyetembea juu ya mabati kama paka. Lakini ajali haina kinga. Siku moja boriti ilivunjika chini ya nyayo zake, akaanguka na kuvunjika paja. Alivuja damu nyingi, akaongezewa nyingine hospitalini, akapona. Majirani wakatania kwamba hata roho yake ni ya paka.

Mkewe, Mama Pacha, msusi ambaye vidole na ulimi wake vilishindana kwa wepesi, hakucheka. Siku chache baada ya kurudi nyumbani, macho ya mumewe yaligeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Akamrudisha hospitalini mbio.

"Malaria hiyo, mama," daktari alisema, akimtazama mgonjwa juu juu. "Mpe vidonge hivi."

"Mbona kipimo hakikuonyesha malaria? Si ile damu mliyomwekea?"

"Damu ilikuwa ya kundi lake. Mumeo ameshapona, unatafuta nini tena?"

Manjano yaliisha yenyewe, fundi akarudi juu ya mapaa, na jambo likaachwa hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata, vidonda vya tumbo vilimtapisha damu. Hospitali ileile, daktari yuleyule. Mama Pacha alipotaka kueleza habari za yale macho, aliambiwa akasubiri nje. Fundi akaongezewa damu, akapata nguvu, akaanza hata kuwatania wauguzi. Siku chache baadaye, ghafla akaanza kutetemeka na kulalamikia mgongo. Macho, manjano. Mkojo, mweusi. Damu aliyopewa ilikuwa ikiyeyuka mwilini kama chumvi majini.

Daktari alikunja uso. "Damu imepungua tena. Mwongezeeni mfuko mwingine."

Muuguzi alipouleta, Mama Pacha alisimama kati yake na kitanda.

"Hauingii!"

"Unataka kumuua mumeo?" daktari akafoka.

"Nani anamuua? Nilikuletea macho ya manjano, ukanipa vidonge vya malaria. Nikarudi na maneno yaleyale, ukanitoa nje kama mbwa! Damu hii haimwingii mpaka mpime mjue inagombana na nini!"

Kelele zilimleta mkuu wa maabara, mama wa makamo. Alisikiliza kisa chote, akachukua damu ya mgonjwa, akaenda nayo. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka. Alieleza kwamba mwili wa fundi uliiona damu ya kwanza kuwa ngeni, ukatengeneza kingamwili, yaani askari wa kuipiga. Baadaye askari hao walipungua mno, hata kipimo cha kabla ya damu ya pili hakikuwaona. Lakini walipokutana na damu ya aina ileile, waliamka wote kwa pamoja.

"Wangeonekana lini, dada?" Mama Pacha aliuliza.

"Wiki chache baada ya damu ya kwanza. Tungempima wakati ule, tungejua ni damu gani ya kumwepusha nayo. Lakini hapa hatuna utaratibu wa kuwaita watu wakishatoka."

"Hamna utaratibu!" Machozi ya hasira yalimlenga. "Kwenu mtu akishashuka kitandani, basi?"

Damu isiyo na ugomvi ilitafutwa hospitali nyingine, ikapatikana. Baba Pacha alinusurika, lakini figo zake ziliumia, naye hatapanda paa tena. Siku ya kumruhusu, daktari alikuja kutoa pole.

"Unajua, mama, alikuwa anaonekana mzima kabisa..."

"Pole yako kaa nayo," Mama Pacha akamkatiza. "Waite wote mliowaongezea damu, wapime, kisha ndio uje."

Mkuu wa maabara hakungoja kuambiwa mara mbili. Wagonjwa waliitwa, wakaja kwa miguu yao, wengine wakicheka, wengine wakinyonyesha, wakishangaa wameitiwa nini ilhali ni wazima. Kadhaa kati yao walikutwa na askari walewale, kimya ndani ya damu. Daktari aliyasoma majibu hayo, akaanza kuyaandika mwenyewe kwenye faili zao. Kweli, mwenye kovu usidhani kapoa.